Eropleni Shambani

Ukitaja eropleni, msomaji, watu wengi hufikiri habari ya safari ndefu au ya vita. Lakini iko eropleni nyingine, ndogo na nyepesi, yenye nafasi ya mtu mmoja au wawili, ambayo haisafiri kwenda popote. Hupanda, huzunguka juu ya shamba, hutua ilipotoka, hujazwa tena, na kupanda tena. Kazi yake imetimiza miaka zaidi ya 100 sasa, nayo ilianza kwa sababu ya viwavi.

Karibu na mji wa Troy, katika jimbo la Ohio huko Marekani, palikuwa na shamba la ekari 6 hivi lililopandwa miti iitwayo katalpa, ambayo watu waliikata kwa ajili ya nguzo. Viwavi waliingia wakala majani hata matawi yakaanza kubaki matupu. Mtu mwenye bomba la mkono angeweza kunyunyizia mti mmoja mmoja, lakini miti ilikuwa maelfu. Ndipo mtaalamu wa wadudu wa Cleveland, C. R. Neillie, alipotoa shauri la kutumia eropleni. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha mwaka 1918, na jeshi la Marekani lilikuwa na eropleni nyingi zisizo na kazi. Likakubali kujaribu.

Mhandisi Etienne Dormoy alitengeneza sanduku la unga wa sumu, likafungwa ubavuni mwa eropleni ya Curtiss. Tarehe 3 Agosti 1921 Luteni John Macready aliirusha, na Dormoy akaketi nyuma akizungusha mkono wa sanduku. (Macready huyu ndiye ambaye mwaka 1923, pamoja na mwenzake Oakley Kelly, aliivuka Marekani kwa eropleni bila kutua njiani. Vitabu humsifu zaidi kwa safari hiyo. Mimi naona kazi ya Troy ilikuwa kubwa kuliko ile.)

Labda wadhani alipita juu ya miti. Sivyo. Alipita pembeni, chini sana, upande wa joshini kama wasemavyo manahodha wetu, yaani kule utokako upepo, akauachia upepo kazi ya kuupeleka unga majanini. Kumwaga kwenyewe hakukuchukua hata dakika moja kamili. Baada ya siku 2 karibu viwavi wote walikuwa wamekufa.

Mwaka uliofuata jaribio lilihamia Tallulah, katika jimbo la Louisiana, kwenye mashamba mapana ya pamba. Huko fukusi aliyetoka Mexico alikuwa akitoboa vitumba na kuwafilisi wakulima. Mtaalamu Bert Coad aliona kuwa eropleni yaweza kumaliza kwa saa chache kazi ambayo watu na nyumbu wangeifanya kwa siku nyingi. Mwaka 1925 ikapatikana eropleni iliyoundwa makusudi kwa kazi hii, na kampuni iliyoitumia ndiyo iliyozaa Delta, ambayo leo huchukua abiria.

Sasa fikiri juu ya unga ule. Ulikuwa na aseniki, sumu ya mdudu, ya ng'ombe na ya mtu pia, tena sumu isiyooza udongoni. Upepo uliomsaidia Macready haukuwa umeandikwa kazi na mtu yeyote. Ulipogeuka, uliupeleka unga kwenye malisho ya jirani au katika kisima chake. Hata upepo ulipokuwa mzuri, ukingoni mwa shamba alisimama kibarua mwenye bendera kumwonyesha rubani mahali pa kupita, na unga ukamwangukia. Rubani naye aliruka futi chache tu juu ya pamba, na wengi walikufa kwa kugonga miti au nyaya.

Katika nchi zetu adui alikuwa nzige. Nzige mmoja ana uzito wa gramu 2 tu, lakini kila siku hula chakula chenye uzito kama wake, na katika kilomita moja ya mraba huweza kuwapo milioni 40 au zaidi. Watakuwa wameondoka kabla mkulima hajamaliza kukusanya watu. Kwa hiyo mwaka 1962 mataifa ya Afrika Mashariki yaliunda shirika la kupigana na nzige kwa pamoja, na eropleni ndogo za aina ya Beaver zikawa miongoni mwa silaha zake. Unga uliachwa, dawa ikawa ya maji mazito, matone madogo sana, hata lita moja yatosha hekta nzima. Siku hizo walitumia dieldrin, ambayo ilisifiwa kwa kuwa tunutu waliotambaa hapo wiki nyingi baadaye bado walikufa. Sifa hiyo ndiyo iliyofanya ipigwe marufuku hapo baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige waliingia Kenya kwa wingi ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 70. Marubani walirauka alfajiri, maana nzige hulala mitini usiku na hawaruki mpaka jua liwapashe moto. Wachungaji wa Samburu na Isiolo waliwaona walipotua, na habari zao ziliwasaidia marubani. Katika nchi jirani ya Somalia, wakati huohuo, baadhi ya eropleni zilibeba kitu kingine: mbegu za kuvu aina ya Metarhizium. Kuvu hiyo huota mwilini mwa nzige na kumwua polepole, kwa siku kadhaa, lakini nyuki na mbuzi haiwadhuru.