Bahasha, wigo na nyoka wa chungu cha maua

Tuseme mtu wa Kashaulili, mjini Mpanda, kaenda Dar es Salaam, kanunua ua zuri la chungu na kulipandisha treni. Anapita Tabora, analala njiani, anashuka Mpanda ambako reli inaishia. Ndani ya udongo wa kile chungu huenda yumo abiria asiye na tiketi: nyoka mweusi mwembamba, mfupi kuliko rula ya shule, ambaye wengi wakimfukua humdhani chambo cha kuvulia samaki.

Kwa jina la kisayansi ni Indotyphlops braminus. Asili yake ni Asia ya Kusini, lakini pwani ya Afrika Mashariki ni mwenyeji wa siku nyingi, na kote duniani husafiri hivyohivyo, kwenye udongo wa miche. Karibu haoni kabisa. Hana sumu ya kumdhuru mtu; chakula chake ni mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Ajabu yake kubwa ni kwamba wote ni majike, hutaga mayai yanayoanguliwa bila dume. Mmoja akifika, ukoo umefika.

Magazeti yetu yangemwita spishi vamizi, na hapo ningepinga. Mvamizi ni nyoka wa mitini aliyeingia kisiwa cha Guam baada ya Vita Kuu ya Pili akamaliza karibu ndege wote wa msituni. Huyu wa chungu, kwa kadiri anavyojulikana, ni mgeni tu. Ugeni unahusu alikotoka. Uvamizi unahusu alichofanya baada ya kufika.

Akifika Mpanda, ataishi? Wanaotafiti kusambaa kwa viumbe wageni huanza na swali hilo, na zana yao ya kwanza inatutesa kuitafsiri. Waingereza wameipa jina kwa neno la posta. Mfasiri mwenye haraka ataandika “bahasha ya tabianchi” na kwenda kunywa chai. Sasa mwambie mtu wa Mpanda kwamba nyoka ana bahasha. Atakuuliza anampelekea nani, maana kwetu bahasha ina mambo yake.

Mimi huandika “wigo wa tabianchi”. Wigo kwa asili ni ua wa miti au miiba. Siku hizi pia ni upana wa jambo, kama tunaposema wigo wa mada. Maana zote mbili zinatufaa. Mtafiti hukusanya mahali ambapo nyoka amewahi kuonekana, kisha hutazama vipimo vya hapo: baridi ya chini kabisa, joto la juu kabisa, mvua ya mwaka, urefu wa kiangazi. Vipimo vya mwisho, vya chini na vya juu, ndivyo nguzo. Baada ya hapo huitafuta nchi yoyote ambayo vipimo vyake vinaangukia ndani ya nguzo hizo.

Kosa linalorudiwa ni kuuona wigo huu kama umejengwa ardhini. Uko kwenye tarakimu. Ramani ya rangi tunayoonyeshwa ni kivuli chake tu. Kwa hiyo dunia ikipata joto, kusema “wigo wa nyoka umehama” si sahihi: anachokivumilia nyoka kinachukuliwa kuwa kilekile, ila ardhi inayotimiza masharti yake ndiyo imesogea, pengine kupanda milimani. Sentensi salama ni “eneo lililo ndani ya wigo limehama”. Ni ndefu, najua.

Neno “tabianchi” nalo linadai heshima yake. Hali ya hewa ni ya leo na wiki hii. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Chatu wa Burma waliozaliana kusini mwa Florida, Marekani, walionyesha tofauti hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Jiolojia ya Marekani walilinganisha wastani wa joto na mvua wa kila mwezi, wakaona kwamba sehemu kubwa ya kusini mwa nchi ingeweza kumpokea. Mwaka huohuo wengine wakatumia vipimo vingi zaidi, na ramani yao ikasinyaa: kusini mwa Florida na ncha ya kusini ya Texas. Sehemu ya ugomvi ilikuwa jina. Wale wa kwanza walimhesabu pamoja na ndugu yake wa India, anayefika hadi kaskazini kwenye baridi. Nasi tusicheke, maana neno chatu linawafunika hao wote pamoja na chatu wetu wa Afrika, ambaye naye sasa anazaliana magharibi mwa Miami. Huko yeye ndiye mgeni. Kisha Januari 2010 baridi kali ya siku chache ikawaua chatu wengi wa Florida. Tabianchi iliwaruhusu kuishi pale, hali ya hewa ikawaua.

Turudi kwenye chungu chetu. Mpanda mvua hukatika kuanzia Mei hadi Oktoba. Mto Katuma hupungua mpaka viboko wa Hifadhi ya Katavi husongamana kwenye madimbwi ya tope. Ukipima mvua peke yake, miezi hiyo ingeweza kumweka nyoka mpenda unyevu nje ya wigo. Lakini chungu kile kiko barazani Kashaulili, na kila jioni mwenye ua anakimwagia kopo la maji ambalo halimo katika kipimo cha kituo chochote cha hali ya hewa.