Pesa ya Mwaka 1299: Tarehe, Jina na Thamani

Katika masanduku ya wazee wa pwani hupatikana hadi leo sarafu ya shaba yenye picha ya mizani na tarakimu za Kiarabu zisomekazo 1299. Asiyeizoea huihesabia umri wa miaka mia saba, akaiweka kundi moja na sarafu za masultani wa Kilwa. Kosa hilo lina gharama kwa mnunuzi, kwa mwanahistoria na kwa mfasiri. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuitambua sarafu hiyo na kuikadiria thamani yake.

Tuanze na tarehe. Mwaka 1299 ni wa Hijiria. Ulianza Novemba 1881 ukaisha Novemba 1882 kwa hesabu ya Miladi. Yafaa ikumbukwe kwamba haitoshi kuongeza 622 tu, kwani mwaka wa Hijiria hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja. Atakayejumlisha hivyo atapata 1921, yaani miaka 33 baada ya kufariki kwa Sayyid Barghash bin Said, ambaye jina lake limechapwa upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Barghash alitawala Unguja tangu 1870 hadi 1888. Sarafu za shaba za Kilwa, kwa upande wao, zina majina ya masultani bila ya tarehe. Kwa hiyo kuwapo kwa tarehe ni dalili tosha kwamba sarafu hii si ya Kilwa.

Jina nalo lina historia yake. Sarafu hii iliitwa pesa, neno lililotoka Bara Hindi, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilitoa pesa yake, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka 1307 wa Hijiria. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaleta heller, 100 kwa rupia, ambayo kwetu imekuwa hela. Sarafu zote mbili zimekwisha, lakini majina yake yamebaki yakitaja fedha za aina yoyote.

Hapo ndipo penye mtego. Hati ya zamani isemapo "pesa thelathini na mbili" inataja nusu rupia kamili, si fedha tu. Mfasiri aandikaye "fedha" amekifuta kiasi kilichodaiwa au kulipwa. Tunashauri neno pesa libaki kama lilivyo, na lielezwe mara ya kwanza kuwa ni sarafu ya shaba, sehemu moja ya 64 ya rupia.

Kuhusu thamani, hatuna budi kutenganisha mambo matatu: thamani iliyotajwa, ambayo ilikoma sarafu ilipoondolewa katika matumizi, thamani ya madini, ambayo kwa shaba ni ndogo, na thamani ya mkusanyaji, itegemeayo uchache wa sarafu na hali yake. Pesa ya 1299 si adimu, hivyo hali yake ndiyo huamua bei. Aisuguaye kwa ndimu na majivu ili ing'ae huipunguzia thamani badala ya kuiongeza.

Mwisho, tarehe hugusa hata sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa Tanganyika kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya Kilwa imo katika ulinzi huo; pesa ya Barghash haimo. Kwa hiyo mtumishi anayeandika orodha ya vitu vya kale aandike daima aina ya kalenda kando ya mwaka: 1299 H, au 1881/82 M. Herufi hiyo moja itamwepusha anayemfuata na kosa la karne sita.