Kaunta ya Pamba: Historia ya Duka Kubwa la Binza

Ukitaka kuelewa duka lilikuwa kitu gani katika Binza, anza na mwezi wa sita. Pamba imeshachumwa na kuchambuliwa, safi huku, fifi kule. Imepelekwa gulioni, karani amepima, fedha zimetoka. Makundi ya ngoma ya Wagalu na Wagika yameanza ushindani wao, na vumbi la viwanjani linaonekana toka mbali. Mzee anafikiria ng'ombe. Mkewe anafikiria kaniki mpya na chumvi ya kutosha mwaka mzima. Kijana mcheza ngoma anafikiria baiskeli. Ng'ombe watapatikana mnadani, lakini yale mengine yote yanaelekea kwenye kaunta moja.

Kaunta hiyo ndiyo habari yangu. Binza, yaani nchi za Ntuzu, Itilima, Kanadi na jirani zao walizotawala watemi mpaka utemi ulipofutwa mwaka 1963, hazikuwahi kuwa na duka la ghorofa lenye vioo. Lakini zilikuwa na duka kubwa, na limebadilisha wenyewe mara nne au tano katika muda ambao mtu mmoja anaweza kuishi akayaona yote.

Wa kwanza walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapita Malampaka, na hapo mizigo ya Maswa na Bariadi ikapata mlango. Duka la namna hiyo kila mzee analikumbuka: paa la bati, baraza mbele, fundi cherehani barazani. Ndani kuna mbao za kaunta zilizolainishwa na viwiko vya watu. Nyuma ya kaunta zimesimama jora za kaniki, marekani na kaki. Juu zinaning'inia taa za chemli, na pembeni kuna pipa la mafuta ya taa na pampu yake ya mkono. Harufu yake ni ya mafuta hayo yaliyochanganyika na kitambaa kipya.

Tatizo halikuwa kaunta, lilikuwa mizani. Wanunuzi wa pamba walikuwa wafanyabiashara wale wale, na mkulima aliyeshuku kwamba ameibiwa ratili gulioni alikwenda kuzitumia shilingi zilizobaki kwa watu hao hao. Harakati za ushirika wa Usukuma zilizaliwa hapo, na inafaa kukumbuka kwamba hazikuanzia shambani tu. Kijana Paul Bomani aliingia mwaka 1947 kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, na kutoka dukani akahamia kwa wakulima. Vyama vya msingi vikaenea, wapimaji wa wakulima wenyewe wakasimama kwenye mizani, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lile ambalo wengi walilijua kwa herufi zake, VFCU. Wakati wa uhuru lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani alikwenda kuwa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha.

Mizani ikawa ya mkulima. Kwa nini kaunta isiwe yake pia? Mwaka 1962 Serikali ilianzisha COSATA, shirika la kuviuzia vyama bidhaa na kufungua maduka ya ushirika. Halikudumu. Kupima pamba miezi mitatu kwa mwaka ni kazi moja, na kuendesha duka siku zote, kujua nani akopeshwe na jora gani haliuziki, ni kazi nyingine. Mhindi wa Bariadi aliijua kazi hiyo kwa sababu alilala chumba cha nyuma ya duka lake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, COSATA iliingizwa pamoja na makampuni kama Smith Mackenzie na Dalgety ndani ya Shirika la Biashara la Taifa, STC.

Hapa historia yetu inakutana na Shanghai. Katika mji huo, kwenye barabara ya Nanjing, duka la Sincere lilifunguliwa mwaka 1917 na Wing On mwaka 1918, yakaitwa maajabu ya mashariki. Mwaka 1936 likafuata la The Sun, lenye ngazi zinazotembea zenyewe. Baada ya mapinduzi ya 1949 jengo hilo likawa duka namba moja la serikali, na rafu zake zikajaa mali za viwanda vya mji huo huo: chupa za chai, masinia na makarai yenye maua, baiskeli za Phoenix. Mali za namna hiyo hiyo zilikuja kwetu, na sababu ilikuwa reli. China ilipokubali kujenga TAZARA, sehemu ya mkopo haikuja kama fedha. Ilikuja kama bidhaa, ziuzwe kwenye maduka ya umma, na mapato yalipie gharama za ndani za ujenzi. Yeyote nchini aliyenunua karai la Kichina enzi zile alichangia mshahara wa vibarua waliochimba mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Sijui kama kuna duka la Shanghai linaloweza kusema hivyo.

Mwaka 1973 kazi ya STC ikagawiwa kampuni za mikoa, zile RTC. Kisha ukaja mwaka 1976. Mwanzoni mwake Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya vijiji yachukue nafasi. Mwezi Mei Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na pamba ikahamia kwa mamlaka ya zao. Kwa hukumu yangu, hakuna mwaka ulioiumiza zaidi kaunta ya Binza. Mkulima alipoteza duka na mizani kwa pamoja.

Baada ya vita vya Kagera rafu zilikuwa tupu. Duka la kaya liligawa kwa kadi: kilo ya sukari, kipande cha mche wa sabuni, kibiriti. Watu waliweka mawe kwenye foleni kushika nafasi, wakaenda shambani na kurudi. Msako wa walanguzi wa mwaka 1983 ulitisha wengi lakini haukujaza rafu. Na pamba ikapungua. Wataalamu waliandika mengi kuhusu bei, wadudu na mbolea. Lakini mtu anayelima pamba analima kaniki, chumvi na baiskeli. Kama havipo, atalima mahindi na mtama ale.

Biashara ilianza kufunguliwa mwaka 1984, na vyama vikuu vikarudishwa, mkoa wetu wa wakati huo, Shinyanga, ukapata chake, SHIRECU. Leo Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, na Simiyu inaongoza nchini kwa pamba. Madukani mali za China zimejaa tena, safari hii zikipitia kwa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda wenyewe Guangzhou.

Kwenye makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, tunahifadhi ngoma na viti vya watemi. Ni vema. Lakini vitabu vya mauzo, kadi za kaya na stakabadhi za vyama vya msingi bado viko kwenye masanduku ya majumbani, vikiliwa na mchwa. Vikiisha, historia hii itabaki midomoni mwa wazee tu. Wewe uliye na sanduku la baba au babu aliyekuwa karani au muuzaji, lifungue leo. Kilichoandikwa humo usikichome.