Urafiki wa Macaire na Bertrand

Mapinduzi ya Julai 1830 yalimpa Louis-Philippe kiti cha ufalme wa Ufaransa, na nchi ikaangukia mikononi mwa wenye fedha. Desemba 1831 kijana mchoraji, Honoré Daumier, alimchora mfalme huyo kama jitu lafi linalolishwa mali ya maskini. Ujira wake ukawa hukumu ya kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500.

Septemba 1835 ilitoka sheria iliyotaka kila picha ipate idhini ya serikali kabla ya kutolewa. Mfalme akawa hagusiki tena. Lakini aliyefungiwa mlango hutafuta dirisha: Daumier na Charles Philipon, mwenye gazeti la Le Charivari, waliacha kumchora mtawala mmoja wakachora urafiki wa watu wawili.

Marafiki hao ni Robert Macaire na Bertrand, matapeli waliotoka katika mchezo wa kuigiza wa mwaka 1823, ambao mwigizaji Frédérick Lemaître aliugeuza kichekesho. Tangu 1836 hata 1838 gazeti lilitoa picha 100 za mfululizo huo, zilizochorwa juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta. Philipon alitunga maneno ya chini. Macaire huonekana mara mwenye benki, mara wakili, mara tabibu. Bertrand, mwembamba, mwenye koti kuukuu, husikiliza na kuitikia.

Katika picha ya kwanza Macaire anashauri waanzishe benki ya hisa. Bertrand anauliza habari za askari. Mwenzake anamcheka, kwani nani atamkamata tajiri wa mamilioni? Hapo ndipo penye uchungu wa dhihaka hiyo. Wote wawili ni wezi, wote walitoka katika ufukara mmoja. Lakini mara mtaji ulipotajwa, mmoja akawa bwana na wa pili mtumishi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema Waswahili; Macaire alimtaka rafiki wa kumfaa kwa faida.

Wengi wa wasomaji wa Le Charivari walikuwa wa tabaka hilo hilo la wenye mali, nao walicheka kila mmoja akidhani anayechekwa ni jirani yake. Hivyo sheria iliyotungwa kuficha uso wa mfalme mmoja ilisaidia kufunua uso wa tabaka zima.