Nmap

Nmap ni programu ya kompyuta inayochunguza mtandao, kuorodhesha vifaa vilivyounganishwa na kuonyesha huduma zinazopatikana kwenye kila kifaa. Jina lake ni kifupi cha Network Mapper, yaani mchora ramani wa mtandao. Hutumiwa hasa na wasimamizi wa mitandao na wataalamu wa usalama wa kompyuta. Hupatikana bila malipo kwa Linux, Windows, macOS na mifumo mingine ya uendeshaji, na msimbo wake wa chanzo uko wazi.

Historia

Nmap ilitungwa na Gordon Lyon wa Marekani, anayejulikana pia kwa jina la Fyodor. Aliitoa mara ya kwanza Septemba 1997 katika toleo la 51 la jarida la mtandaoni Phrack. Mwaka 1998 iliongezewa uwezo wa kutambua mfumo wa uendeshaji wa kifaa kilicho mbali. Mwaka 2003 ilionekana katika filamu ya The Matrix Reloaded, ambamo Trinity anaitumia kuvamia mfumo wa kituo cha umeme.

Jinsi inavyofanya kazi

Kwanza Nmap hutuma pakiti ndogo za data kwa kila anwani ya IP iliyotajwa, ili kujua ni vifaa vipi vinavyojibu. Kisha hujaribu porti za kila kifaa. Porti ni milango ya mawasiliano yenye namba kuanzia 0 hadi 65535. Kwa kawaida seva ya tovuti hutumia porti ya 80 au 443, na huduma ya SSH porti ya 22. Asipoelekezwa vingine, mtumiaji hupata matokeo ya porti 1000 zinazotumika zaidi.

Kila porti huripotiwa kuwa wazi, imefungwa au imechujwa. Iliyochujwa ni ile ambayo majaribio yake yanazuiwa na kifaa au programu ya ulinzi. Kutokana na namna kifaa kinavyojibu, Nmap hukisia pia mfumo wake wa uendeshaji.

Ramani na ufuatiliaji

Programu ya Zenmap huonyesha matokeo kwa dirisha na picha, ikiwemo mchoro wa njia zinazopita kwenye ruta mpaka kufikia kila kifaa. Ndiff hulinganisha uchunguzi wa siku mbili tofauti na kutaja kilichobadilika, kwa mfano kompyuta mpya au porti iliyofunguliwa. Kazi hii ni muhimu kwa sababu seva iliyosahauliwa haipati masahihisho ya usalama, na mara nyingi msimamizi hajui kwamba bado inafanya kazi. Hata hivyo, kifaa kilichozimwa au kisichojibu kinaweza kukosekana kwenye orodha.

Matumizi na sheria

Taarifa zinazomsaidia msimamizi kufunga milango isiyohitajika humsaidia pia mdukuzi kuitafuta. Aidha, uchunguzi wa kasi unaweza kukwamisha vifaa vya zamani. Kwa hiyo inashauriwa kupata idhini ya mwenye mtandao, ikiwezekana kwa maandishi, kabla ya kuanza. Nchi nyingi zina sheria dhidi ya kuingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini, zikiwemo Tanzania, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2018.