Meli Liemba: Toka Mzinga Hadi Mizigo

Kutoka hapa Likasi tuyaelekeze mawazo yetu kwenye ziwa Tanganyika, tunaloligawana na jirani zetu, tupate habari za meli moja.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, nchi ya Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Wakaipachika mzinga, ikawa tisho kwa Wabelgiji na Waingereza. Lakini Julai 1916 Wajerumani, wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe. Ila kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito isije ikashika kutu.

Kwa hiyo Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali mizima. Mwaka 1927 ikaanza safari tena, sasa ikiitwa Liemba, bila mzinga, ikichukua abiria na mizigo yao. Tena mwaka 1997 iliwarudisha kwao Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania.

Basi tuone: chombo ni kilekile, kazi ndiyo iliyobadilika. Waliopaka mafuta yale walitazamia kuirudia meli yao ya vita. Waliofaidika ni wakimbizi waliokuwa hawajazaliwa bado.