Mzio, pumu na vumbi la karasha

Zamani mzio ulikuwa neno la jikoni: chakula ambacho mtu hali, kwa mila au kwa kuwa kinamdhuru. Waganga wa kisasa wakalitwaa, nasi mtaani tukaendelea na "aleji". Pumu ni ndugu wa pumua na pumzi. Mwenye mzio wa chavua, manyoya au vumbi la godoro huweza kuvimba njia za hewa, akabanwa, kifua kikalia: hiyo ni pumu.

Lakini kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Geita na Kahama, kikohozi kuitwa aleji tu sikubali. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika. Huacha makovu mapafuni mwa yeyote, mwenye mzio au asiye nao, na dawa ya kuvuta haiyaondoi. Hiyo ni silikosisi, nayo humwongezea mchimbaji hatari ya kifua kikuu.